Eti Unahamia Porini Peke Yako? Si Kwetu Chara

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo siandiki habari za Linux wala PHP. Leo nina hasira kidogo.

Rafiki yangu, programa mwenzangu tuliyesoma naye chuo kikuu, ameniandikia kwamba amechoka. Amechoka na bosi, na foleni, na simu inayolia saa nane za usiku kwa sababu seva imeanguka. Uchovu wake siubishi, ninao pia. Ila dawa aliyojiandikia ndiyo iliyoniudhi: anaacha kila kitu akaishi porini, peke yake, asionane na mtu. Na pori alilochagua ni kwetu Chara! Eti nimwonyeshe mahali pasipo na watu kwenye delta ya Tana.

Nimemjibu kwamba mahali hapo hapapo. Pale unapoona nyasi tupu ni malisho ya Waorma wakati wa kiangazi. Ule msitu wa kando ya mto una miembe na migomba ya Wapokomo, na kila mmoja una mwenyewe. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa huku kwetu, katika ugomvi wa ardhi, maji na siasa. Halafu wewe uje na hema lako useme hapa ni patupu?

Najua alikoitoa ndoto hii. Ameangalia ile filamu ya 2007 ya Christopher McCandless, kijana Mmarekani aliyemaliza chuo, akagawa akiba yake, na mwezi Aprili 1992 akaingia Alaska na mfuko wa mchele na bunduki. Agosti alikuwa maiti ndani ya basi bovu, umri miaka 24. Watu husifu uhuru wake. Mimi nakumbuka mto. Julai alitaka kurudi kwa watu, akakuta mto Teklanika umejaa, akageuka. Si mbali na hapo kulikuwa na kikapu cha kuvukia kwenye waya. Hakukijua, kwa kuwa hakuwa na ramani ya maana wala mtu wa kumuuliza.

Sasa mlete kijana huyo Tana. Maji yetu hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakipitia mabwawa kama Masinga na Kiambere. Chara kwaweza kuwa na jua kali, mbingu nyeupe, na mafuriko yako njiani. Utajuaje? Utajua kwa sababu mtu wa Garissa amempigia shemeji yake simu. Huo ndio mtandao wetu, wadau, na ulikuwepo kabla ya simu, kwa miguu na kwa mitumbwi. Mafuriko ya 1997, ya 2018, ya 2023 na 2024, watu walivushana. Anayejificha asionekane nani atamkumbuka kumvusha?

Hata Fumo Liongo, ambaye masimulizi yanasema kaburi lake liko Ozi, jirani zetu, hakuishi peke yake. Alitoka kifungoni kwa tupa ambayo mamake aliificha ndani ya mkate, na mjakazi ndiye aliyeupeleka. Alipokimbilia msituni aliishi na Watwa, wakamfundisha upinde. Kweli, baadaye walihongwa wamuue kwenye kikoa cha kula makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu yake ikifika wamfume juu. Yeye akayaangua makoma kwa mishale akiwa chini. Kwa hila ile alitumia ujuzi waliompa wao wenyewe! Na huyo alikuwa Liongo, jitu. Rafiki yangu hajui hata kuwasha kuni mbichi.

Nimemwambia akija ashuke Garsen anipigie. Atalala kwa mjomba, na alfajiri ataingia naye kwenye mpunga kufukuza ndege, kazi ya kupiga kelele kutwa nzima na majirani wakikujibu kutoka mashamba yao. Bado hajanijibu.