Kabila si kipimo cha sukari

Mtu akipimwa sukari ya miezi mitatu, ile ambayo maabara huiandika HbA1c, na jibu likasoma chini ya asilimia 6.5, huambiwa hana kisukari na hurudi kwake na moyo mweupe. Gazeti hili linasema wazi: kwa watu wa Unguja, jibu hilo likiwa peke yake halitoshi kumtangaza mtu kuwa mzima. Tunasema pia kwamba kasoro hii haiponi kwa kumuuliza mgonjwa kabila lake. Wanaopendekeza tuwe na kiwango cha Mwarabu, cha Mhindi na cha Mswahili wanataka kuliziba tundu moja kwa kutoboa jengine.

Kwanza, kipimo kinavyofanya kazi. Sukari iliyomo katika damu hunata kwenye himoglobini, ambayo ndiyo wekundu wa damu. Chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120, kwa hiyo maabara ikihesabu himoglobini iliyonatwa na sukari hupata picha ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Mgonjwa hahitaji kufunga wala kuamka alfajiri. Hesabu hiyo, hata hivyo, inachukulia kwamba chembe za watu wote huishi muda ule ule. Zikifa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, na jibu hushuka ilhali sukari iko juu. Mvuvi wa Nungwi analijua hilo bila ya kusoma udaktari: ukiliibua dema kabla ya wakati wake, uchache wa samaki si ushahidi kwamba bahari haina kitu.

Kwetu, chembe zinazokufa mapema si jambo la ajabu. Malaria imewaandama watu wa pwani kwa karne nyingi, na miili yao ikajijengea kinga iliyoacha alama katika damu: vinasaba vya selimundu, na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Zanzibar imeipunguza malaria kwa kiasi ambacho sehemu nyingi za Afrika zingetamani kukifikia, lakini vinasaba haviondoki pamoja na mbu. Anayebeba kinasaba kimoja cha selimundu aghalabu haumwi chochote, na wengi hawajui kuwa wanacho.

Takwimu zipo. Mwaka 2017 utafiti uliofanywa kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba wenye kinasaba kimoja cha selimundu husoma HbA1c pungufu kwa kiasi cha 0.3 ikilinganishwa na wenzao wenye sukari sawa. Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha kwamba wanaume wenye aina ya upungufu wa G6PD iliyoenea Afrika husoma pungufu kwa 0.81. Tuseme mchuuzi wa Darajani, ambaye kwa haki angesoma 7.0, anayo alama hiyo. Karatasi yake itaandikwa 6.2. Ataambiwa ajihadhari kidogo, ataendelea na haluwa na chai ya maziwa kila jioni, na sukari itaendelea kumla macho, figo na mishipa ya miguu. Siku atakayorudi hospitali na kidonda kisichofunga, hakuna atakayeikumbuka karatasi ile.

Ingekuwa makosa yote yanaelekea upande mmoja, tungeongeza tarakimu tukamaliza. Hayaelekei. Upungufu wa madini ya chuma, uliozoeleka mno miongoni mwa wanawake wetu, unaweza kulipandisha jibu la mtu asiye na kisukari. Tena utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 uliwachukua watu wenye dalili za awali za maradhi haya, ukazingatia tofauti za sukari yao na mambo mengine: weupe walisoma wastani wa 5.78 na weusi 6.18. Kwa hiyo neno "mweusi" kwa wastani linalivuta jibu juu, na vinasaba vinavyopatikana kwa wingi miongoni mwa hao hao weusi vinalivuta chini. Daktari anayerekebisha jibu kwa kuangalia rangi ya mgonjwa atajuaje avute upande gani?

Na hapa Mji Mkongwe kabila la mtu ni lipi hasa? Sensa ya Waingereza ya 1948 iliwagawa watu wa visiwa hivi kwa mafungu: Washirazi, Waarabu, Wahindi, Wangazija, Waafrika wa bara. Nyumba moja ya Malindi ingeweza kumtia kila ndugu katika fungu lake. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya zamani ya pwani kama Manda, Mtwapa na Kilwa. Ulionyesha kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 damu ya wanawake wa Kiafrika ilikuwa imechanganyika na ya wanaume waliotoka Asia, wengi wao Uajemi. Tumekuwa mchanganyiko kwa miaka elfu moja, na leo tunaambiwa fomu ya maabara itaweza kututenganisha.

Anayedhani kuwa Uarabu ni kinga ya kasoro hii aitazame Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi. Uchunguzi wa kitaifa huko ulikuta kiasi cha robo ya wanaume wana upungufu wa G6PD, na selimundu ipo pia. Anayedhani kuwa "Mhindi" ni jina la kitu kimoja aitazame Dar es Salaam. Mwaka 1991 watafiti Kaushik Ramaiya, Donald McLarty na wenzao walichapisha uchunguzi wao wa jamii za Kihindu za mji huo, wakaonyesha kwamba kiwango cha kisukari kinatofautiana sana baina ya jamii moja na nyengine. Jina la kabila linaweza kumpa daktari sababu ya kupima mapema zaidi. Haliwezi kumwambia chembe za mtu aliyekaa mbele yake zinaishi siku ngapi.

Wenzetu wamekwishajikwaa kwenye njia hii. Kwa miaka mingi maabara za Marekani ziliyakuza majibu ya figo ya watu weusi kwa kipeo maalumu, na kwa hivyo baadhi ya wagonjwa walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Mwaka 2021 wataalamu wa figo wa huko waliamua kukitupa kipeo hicho. Sisi hatuna sababu ya kukiokota jalalani.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta onyo. Katika utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa 2006, watoto wadogo zaidi ya 24,000 waligawanywa makundi, na baadhi wakapewa madini ya chuma na asidi ya foliki kwa utaratibu uliokuwa ukipendekezwa kimataifa. Waliopewa chuma walilazwa hospitali au kufariki kwa wingi zaidi, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria. Pemba iliifundisha dunia kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Itakuwa aibu Zanzibar iliyotoa somo hilo ikawa ya mwisho kulishika. HbA1c nayo imeazimwa: umaarufu wake ulijengwa na utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada wa wagonjwa 1,441, karibu wote weupe, ambao majibu yake yalitoka 1993.

Tunazijua hoja za upande wa pili. Mgonjwa anayetoka Makunduchi kwa daladala atafika mjini amekwisha kunywa chai, na kumtaka arudi kesho na njaa ni kumpoteza. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana hatusemi HbA1c itupwe. Jibu la juu lina uzito wake na lisipuuzwe. Kinachotakiwa kukoma ni kulifanya jibu la chini kuwa cheti cha uzima. Sukari ya kabla ya kula, ambayo ikifika milimoli 7.0 kwa lita ni kisukari, na ile ya saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, ambayo ikifika 11.1 ni kisukari, hazitegemei umri wa chembe nyekundu. Ya kwanza hugharimu kidogo, na asubuhi moja inatosha. Tena kila sukari ya kidole na jibu la HbA1c vinapopingana, kosa litafutwe katika damu kabla ya kumlaumu mgonjwa kwamba anadanganya kuhusu chakula chake.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Wizara ya Afya Zanzibar itoe mwongozo unaokataza kumuondolea mtu shaka ya kisukari kwa HbA1c pekee akiwa na dalili, au wazazi wake wakiwa na maradhi hayo, au wekundu wake wa damu ukiwa chini. Kila maabara, ya serikali na ya binafsi, iandike kwenye jibu aina ya mashine iliyotumika na iwapo mashine hiyo inaisoma sawasawa damu yenye selimundu. Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wapime watu wa mjini na mashamba kwa vipimo vyote pamoja, wakiangalia vinasaba vya selimundu na G6PD, ili tujue 6.5 ina maana gani kwa damu ya hapa. Sehemu ya kabila kwenye fomu isitumiwe kurekebisha tarakimu hata moja.

Mpaka hayo yatimie, daktari anayetaka kuandika "hana kisukari" kwa kutegemea karatasi hiyo moja aiweke kalamu chini, na amwambie mgonjwa arudi kesho asubuhi kabla ya kula.