Punje Moja Juu ya Bao la Dama



Juma lililopita tulikuwa Misikhu, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, kwa ndugu yetu aliyeoa huko. Ni wakati wa mavuno. Kila ua umeanikwa mahindi, na akina mama na watoto wanapukuchua. Jioni mtoto mmoja wa nyumba ile alileta bao la dama, lenye vyumba 64. Akatia punje moja chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, akatuuliza: nikienda hivi hadi mwisho, yatatosha magunia mangapi?

Swali hili ni la kale. Ibn Khallikan, mwandishi wa karne ya 13, ameisimulia habari ya Sissa, aliyemtungia mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji, akaomba ujira wa nafaka kwa mpango huo huo. Kabla yake, mnamo mwaka 1000 hivi, Abu Rayhan al-Biruni alikuwa amekwisha kuipata jumla yenyewe: 18,446,744,073,709,551,615. Hakuna haja ya kujumlisha chumba kwa chumba. Zidisha 2 kwa nafsi yake, upate 4, nayo kwa nafsi yake, 16, kisha 256, kisha 65,536, ukifanya hivyo mara sita umefika, ukaondoa moja. Kwani kila chumba kinavizidi vyote vilivyokitangulia kwa punje moja tu: 8 ni zaidi ya 1, 2 na 4 kwa pamoja.

Tulikisia punje 3,000 kwa kilo, yaani 270,000 kwa gunia la kilo 90. Ukijaza vyumba 18, gunia limekaribia kwisha. Chumba cha 19 chataka karibu gunia zima peke yake. Bao lote lataka gunia kama trilioni 68, na Kenya nzima, mwaka wa neema, huvuna milioni 40 hivi.

Watoto walicheka. Mama yao hakucheka.

“Wifi zangu,” akasema, “hesabu hiyo ni deni langu.”

Miaka mitatu nyuma, wakati wa njaa, alikopa gunia moja kwa jirani, alipe mawili akivuna. Hakuweza, yakawa manne. Sasa ni manane, naye amevuna kumi na moja. Akilipa, yabaki matatu kwa watoto watano hadi mvua nyingine.

Hii ndiyo riba ya kuongezwa maradufu iliyokatazwa katika Sura Aal Imran, aya ya 130. Waarabu wa zama za ujahili walipofikiwa na muda wa deni waliuliza: utalipa au utaongeza? Kwamba hapa ni mahindi wala si fedha hakubadilishi neno. Haki ya mwia ni rasilimali yake, gunia moja. Tulimweleza hivyo ndugu yetu, naye, tukiri, aliona haya kwa kuwa hakuwa amejua kiasi cha deni.

Asubuhi alipakia gunia moja kwenye bodaboda, na bao la dama kwapani, akaenda. Alirudi adhuhuri kuchukua la pili. Mwia ameridhika na mawili. Tulisema haki ni moja, tukalirudia; lakini wifi yetu alikuwa amekwisha kuanza kuyapanga ghalani yale tisa.