Nani Aliyeruhusu Siku Yetu Ipotee?

Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha kitaifa cha data mjini Daejeon, Korea Kusini, wakati betri za lithiamu zikihamishwa. Mamia ya mifumo ya serikali ilisimama. Mingi ilirejeshwa baadaye. G-Drive, ghala la nyaraka za watumishi wa umma lenye terabaiti 858, liliteketea bila kuwa na nakala yoyote nje ya jengo lile. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba data ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Kwa hiyo ilikuwa kubwa mno kunakiliwa, lakini haikuonekana kubwa mno kupotea! Na watumishi wale walikuwa wameagizwa kuhifadhi kazi zao humo badala ya kwenye kompyuta za ofisini. Wizara ya usimamizi wa watumishi, iliyolitii agizo hilo kuliko nyingine, ndiyo iliyoumia zaidi.

Korea Kusini haina upungufu wa mitambo wala wataalamu. Ndiyo maana siikubali hoja ninayoisikia kila mara hapa kwetu, kwamba nakala rudufu ni suala la mafundi na bajeti, na sisi wengine tusiliingilie. Anayepanga namna ya kuilinda kanzidata hulazimika kujibu maswali mawili: tukipata ajali, tuko radhi kupoteza kumbukumbu za muda gani, na huduma isimame kwa muda gani? Nakala ikichukuliwa saa sita usiku na seva ikaungua saa kumi na moja jioni, kila kizazi kilichoandikishwa, kila kiwanja kilichohamishwa umiliki na kila malipo yaliyopokelewa siku hiyo yametoweka. Kuna mtu aliyeamua kwamba saa hizo kumi na saba zinaweza kupotea. Ni nani? Mara nyingi ni mzabuni, au kijana wa TEHAMA aliyeachiwa mpangilio uliokuja na programu. Kwa albamu ya picha za mahafali, sina neno. Daftari la ardhi linahitaji kumbukumbu za miamala zinazonakiliwa mfululizo na kupelekwa jengo jingine, ili kanzidata irudishwe hadi dakika chache kabla ya ajali. Hilo lina gharama, na gharama hiyo ijadiliwe hadharani.

Nitajibiwa kwamba ipo seva ya pili. Seva pacha huiga kila kitu papo hapo, makosa yakiwemo. Hufaa mtambo ukiharibika. Haifai mkono ukikosea au wahalifu wakizifunga data na kudai fidia.

Tena, kuwa na nakala hakutoshi. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akihangaika usiku kuirekebisha seva pacha, alifuta faili za kanzidata kwenye seva kuu akidhani yumo kwenye ile nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujikinga. Hakuna hata moja iliyotegemeka. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, ikawa inashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo nawaheshimu kwa jambo moja: walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua.

Sisi huficha. Katika chuo kimoja nilichowahi kufundisha, alama za muhula mzima zilipotea, na wanafunzi wakaambiwa mfumo uko kwenye matengenezo. Binti mmoja alihitimu kwa sababu tu mwalimu wake mzee alikuwa bado anaandika alama kwenye daftari la karatasi, tabia tuliyokuwa tukiicheka.

Ninachodai ni kidogo. Kila taasisi inayotunza kumbukumbu za wananchi itangaze, kama inavyotangaza hesabu zake, tarehe ya mwisho ilipojaribu kuirejesha kanzidata nzima kwenye seva tupu, saa zilizotumika, na kiasi cha data kilichokosekana. Jaribio lifanywe na mtu asiyeuzoea mfumo, akiwa na mwongozo ulioandikwa peke yake, maana siku ya ajali fundi anayejua yote huenda akawa likizo. Nanyi watumishi mnaosoma haya mkiwa ofisini, ulizeni tarehe hiyo kabla ya Ijumaa.