Anayepima usingizi wa dereva awe na leseni inayovuka mpaka

Lori linalotoka bandari ya Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura hupita kwenye mizani zaidi ya mara moja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56, na wenye mizigo wanajua gharama ya kuuzidisha. Dereva wa lori hilo hupita mizani zote bila kuulizwa analalaje.

Wapo madereva wanaolala saa nane na kuamka wamechoka. Koo huziba usingizini, pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, mwili hushtuka, na hali hiyo hujirudia usiku kucha. Mwenyewe hajui. Anayejua ni mke wake, au utingo anayesikia mkoromo ukikatika ghafla. Kesho yake dereva husinzia kwenye usukani. Watu hupoteza maisha, na shehena ya mchele au vitenge iliyonunuliwa kwa mkopo huishia korongoni.

Tatizo hili linapimika na linatibika. Mgonjwa hulala kliniki akiwa amebandikwa vihisio kichwani, kando ya macho, kifuani, miguuni na kidoleni. Anayekesha akimfuatilia ni mteknolojia wa vipimo vya usingizi. Baadaye rekodi ya usiku mzima husomwa kwa vipande vya sekunde 30, na kila mahali pumzi ilipokatika au kupungua mno huhesabiwa. Wastani wa mara 15 kwa saa huitwa hali ya kati, na 30 kwenda juu ni hali kali.

Namba hiyo inaweza kumsimamisha mtu kazi. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za leseni za udereva zilizorekebishwa mwaka 2014 zinataka dereva anayedhaniwa kuwa na hali ya kati au kali, na anayesinzia mchana, aonwe na daktari kabla ya kupewa au kuongezewa leseni. Wa magari makubwa akishatibiwa huruhusiwa kuendesha, ila hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Kabla Afrika Mashariki haijafika huko, lazima ijibu swali moja: nani ana ruhusa ya kupima, na kazi yake inaishia wapi? Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria yake mwaka 2009, likawaweka wapimaji katika madaraja matatu, mwanafunzi akiwa wa chini, wote chini ya usimamizi wa daktari. Katika majimbo kadhaa ulizuka mvutano na wataalamu wa tiba ya upumuaji, waliodai kuwa kurekebisha mashine ya hewa na oksijeni ni kazi yao. Mipaka isipoandikwa mapema, ugomvi humfikia mgonjwa.

Kwa hiyo iandikwe wazi. Mteknolojia arekodi, ahesabu, na arekebishe mashine ya hewa kwa maelekezo ya daktari. Kutaja ugonjwa na kuamua tiba kubaki kwa daktari. Tena asiruhusiwe kumuuzia mashine mtu aliyempima mwenyewe.

Mahali pa kuanzia papo. Uganda ina sheria ya wataalamu wa afya shirikishi tangu mwaka 1996, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2017. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuliana vyeti na leseni za kitaaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamekwisha kusaini makubaliano ya namna hiyo.

Wafanyabiashara wanaelewa hasara ya kutoaminiana vipimo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na baada ya siku chache iliyaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kipimo. Dereva aliyepimwa Mombasa akitakiwa kupimwa upya Malaba, gharama itaingia kwenye nauli ya mzigo, na mwisho wake ni kwenye bei ya gunia.

Wapo watakaosema wataalamu ni wachache na masharti makali yatakifanya kipimo kuwa cha matajiri wa miji mikuu. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni madaraja: wauguzi na mafundi wa kupima umeme wa ubongo wapewe mafunzo ya ziada na mtihani, wafanye kazi chini ya usimamizi, kisha wapande. Kuacha mlango wazi kwa kila mwenye mashine kutaleta namba zisizoaminika, na dereva mzima ataachishwa kazi huku mgonjwa akipewa funguo.

Mawaziri wa afya wa Jumuiya wakubaliane mtihani mmoja, mipaka mimoja ya kazi na daftari moja la majina linaloweza kukaguliwa Namanga, Busia na Rusumo. Vyama vya wasafirishaji na wafanyabiashara navyo vidai kwamba dereva atakayekutwa na tatizo atibiwe na kurudi barabarani. Akijua atafukuzwa, hatakwenda kupimwa, na leseni ya mpimaji haitamsaidia yeyote.