Eti ni ya Asili, Haina Madhara?

Kila mjadala wa mitishamba ukiwaka hosteli, hakosekani mtu wa kusema: "Bibi zetu walikunywa hizo, mbona sisi tumezaliwa?" Hoja tamu, ila ina tundu: waliokufa hawaji kwenye mjadala. Sisi tunaosomea ualimu hebu tuipime kwa historia. Mfano wangu ni Uingereza ya ukoo wa Tudor, 1485 hadi 1603, ambako mitishamba haikuwa mbadala wa hospitali. Ndiyo ilikuwa dawa yenyewe.

Kwanza, tusiwacheke wanawake wale. Uzazi uliua hadi ikulu. Malkia Elizabeth wa York alifariki Februari 1503, siku tisa baada ya kujifungua. Jane Seymour, mke wa tatu wa Henry VIII, alijifungua tarehe 12 Oktoba 1537 na kufariki tarehe 24. Kama malkia mwenye madaktari wake alikufa hivyo, mke wa mkulima angekataaje kikombe alichopewa na mkunga?

Sasa tukiangalie kikombe chenyewe. Waganga wa enzi hiyo walifuata mafundisho ya kale ya Galen, wakiamini damu ya mwezi isipotoka hujikusanya na kuleta maradhi. Mwanamke aliyekosa siku zake alipewa majani ya kuzirudisha. Kwani anayekosa siku zake mara nyingi ni nani? Ni mjamzito! Dawa ya kurudisha damu na dawa ya kuharibu mimba mara nyingi ilikuwa ileile, na kabla mtoto hajacheza tumboni hakukuwa na njia ya uhakika ya kujua anayekunywa yuko katika hali gani. Hata baadaye watu walikosea. Malkia Mary I alijitenga kusubiri uchungu Aprili 1555, na hadi Agosti hakuna mtoto aliyezaliwa. Kama ikulu nzima ilikosea, binti wa kijijini angejuaje?

Halafu kuna suala la kiasi. Moja ya majani yaliyotumika sana ni pennyroyal, mmea wa jamii ya mnanaa. Una kemikali iitwayo pulegoni, ambayo huharibu ini, na mafuta yake makali yameua watu hata katika zama zetu. Mkunga wa Tudor alipima kwa konzi. Nguvu ya majani hubadilika kwa udongo, msimu na namna ya kukausha, kwa hiyo konzi ya leo haikuwa sawa na ya jana.

Mbaya zaidi ni madhara yasiyoonekana haraka. Mmea wa Aristolochia ulipewa jina ambalo kwa Kigiriki linamaanisha uzazi bora, na vitabu vya mitishamba viliusifu kwa kusaidia kujifungua. Miaka ya 1990, huko Ubelgiji, wanawake waliopewa dawa za kupunguza unene zenye mmea wa jamii hiyo waliharibikiwa figo. Leo tunajua asidi iliyomo husababisha pia saratani, tena baada ya miaka. Mama wa Tudor angejifungua salama, akamshukuru mkunga, kisha akaugua baadaye bila mtu yeyote kuunganisha mambo hayo mawili. Mkunga naye angeendelea kuamini dawa yake ni nzuri, na si kwa ubaya.

Tahadhari zilikuwepo, ila hazikuwa na kipimo nyuma yake. John Gerard, aliyechapisha kitabu chake maarufu cha mimea mwaka 1597, alizungushia siklameni vijiti bustanini kwake ili mjamzito asije akairuka, akiamini kuiruka tu kungeharibu mimba. Na mkunga Eleanor Pead alipokula kiapo cha kazi mwaka 1567, aliapa kutotumia uchawi na kubatiza watoto kwa maneno sahihi. Kuhusu vipimo vya majani, kiapo kilikuwa kimya.

Msimamo wangu, basi, si kwamba mitishamba yote ni sumu. Ninachokataa ni kuita uzoefu ushahidi wakati hakuna aliyepima kiasi wala kuandika nani alipona na nani alizikwa. Neno "asili" linatueleza dawa imetoka wapi tu, na Aristolochia nayo ilitoka shambani.

Swali hili linatuhusu, maana mabinti wa rika letu bado wanapewa vikombe vya namna hiyo kwa siri, wengine kwa sababu wanaogopa kufokewa kliniki. Dada, kama umekunywa kitu, mwambie muuguzi ulikunywa nini, kiasi gani na lini. Na nyie wenzangu mtakaosimama darasani mwakani, mwanafunzi akisema bibi yake alikunywa akapona, msimzomee. Muulizeni: alikunywa kiasi gani, na nani aliwahesabu wengine?