Meli Ikitia Nanga Málaga, Twende Granada au Tubaki?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za arusi, za waliozaliwa na za waliotangulia mbele ya haki. Leo naomba nafasi niseme jambo la matembezi. Huenda mtu akadhani kuwa matembezi hayastahiki kuwashughulisha watu wazima, lakini mimi naona ndani yake mna suala la namna tunavyoishi na wazee wetu.

Kila mmoja wetu anajua kuwa siku hizi safari za meli kutoka Southampton zimeingia katika ada zetu. Sababu zake ni njema. Hakuna kuhangaika kwenye viwanja vya ndege, mizigo hufunguliwa mara moja tu, mzee analala kitanda kile kile tangu mwanzo hadi mwisho, na jamaa ishirini wanakula pamoja kila siku, jambo ambalo nyumba zetu za Uingereza haziruhusu. Tatizo haliko melini. Huanza pale meli inapofunga gati asubuhi na kutakiwa kuondoka jioni, na mji uliowatoa watu majumbani mwao hauko hapo bandarini, uko mbali ndani ya nchi. Anayetaka kuona Roma hushushwa Civitavecchia. Anayetaka Paris hushushwa Le Havre. Anayetaka Granada hushushwa Málaga. Nitasema juu ya Granada, kwa kuwa ndiyo safari tuliyokwisha kuifanya na ndiyo inayotajwa tena kwa mwakani.

Rai yangu naiweka wazi tangu sasa. Granada inafaa kwendewa, lakini iendewe kwa mwendo wa mzee wetu aliye mpole kuliko wote miongoni mwa wale wanaotaka kwenda. Ikiwa mwendo huo hautoshi kwa siku moja, basi sote tubaki Málaga tuuone mji huo kwa heshima yake, na Granada tuipangie safari yake peke yake. Kuwaacha wazee melini kwa kisingizio cha kuwapumzisha, bila ya kuwauliza, ni jambo ambalo sikubaliani nalo.

Nilikuwa mwalimu miaka mingi, kwa hivyo mtanisamehe nikianza na hesabu. Chukua meli iliyofunga gati saa mbili asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na moja u nusu jioni. Hapo pana muda wa saa tisa u nusu. Kushuka, kukusanyana na kufika kwenye gari, toa saa moja. Baina ya Málaga na Granada pana kilomita 125 hivi; gari huchukua kiasi cha saa moja u nusu, na ukiongeza msongamano na kusimama njiani, andika saa moja na dakika 45 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Akiba ya kurudi, kwa pancha au kwa foleni barabarani, isipungue saa moja u nusu. Jumla ni saa sita. Zilizobaki ni tatu u nusu.

Sasa, Alhambra peke yake hutaka kiasi cha saa tatu kwa mtu mwenye miguu mizima. Majumba, ngome na bustani za Generalife vimeachana, na kutembea kwake ni kwa kilomita kadhaa. Kwa hivyo nusu saa iliyobaki ni ya chakula, choo na sala. Soko halimo katika hesabu hiyo, wala mtaa wa Albaicín, wala kaburi la mfalme. Na wale wanaosema kuwa tupitie na Córdoba kwa kuwa treni ya mwendo wa kasi huifika kutoka Málaga kwa muda wa saa moja tu, nawakumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Kisha kuna mambo ya tiketi. Tiketi ya Alhambra huuzwa kwa jina la mtu, naye huulizwa pasi yake. Kuingia yale majumba ya wafalme wa Banu Nasri kuna saa yake iliyoandikwa kwenye tiketi, na aliyepitwa na saa hiyo hana haki ya kuingia. Watu wanaoruhusiwa kwa siku wana idadi yao, na katika miezi ya joto tiketi humalizika wiki nyingi kabla. Kwa hivyo familia inayotaka kwenda sharti inunue mapema, ichague saa ya mchana wala si ya asubuhi mapema, na ijue kuwa upepo ukikaza nahodha anaweza kuipita bandari, na fedha zile zisirudi.

Juu ya usafiri, watu hubishana kila mwaka. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe yana faida moja kubwa: basi lao likichelewa, meli hulisubiri. Hasara yake ni kuwa bei huhesabiwa kwa kichwa, na kiongozi hutembea kwa mwendo wa watu arubaini. Mabasi ya kawaida ya Málaga kwenda Granada ni rahisi na ni mazuri. Kituo chake kiko karibu na stesheni ya treni ya María Zambrano. Lakini ukishuka Granada, kituo kiko pembeni mwa mji, na Alhambra iko juu ya kilima, kwa hivyo patahitajika gari nyengine. Vijana wanne wataliweza hilo bila ya taabu. Kwa familia ya watu kumi na wanne wenye bakora na watoto wa kubebwa, naona bora basi dogo la kukodi pamoja na dereva wake, lipangwe kabla ya safari, lingoje karibu na lango la bandari, lisimame pale bibi anapohitaji lisimame. Gharama ikigawanywa kwa vichwa kumi na vinne huwa si kubwa kama inavyotisha kwa macho. Lakini mkumbuke kuwa meli haiwajibiki kuwangoja watu waliojiendea wenyewe. Aliyeachwa hujigharimia hadi bandari ya mbele. Ndiyo maana nikaandika ile akiba ya saa moja u nusu, na ndiyo maana pasi ya kila mtu iwe mfukoni mwake, isibaki chumbani melini.

Hapa niongeze jambo dogo ambalo limekwisha tutia wasiwasi. Familia zetu zina saa tatu. Kuna saa ya meli, ambayo haifuati kila mara saa ya mji. Kuna saa ya mji, ambayo simu za vijana hujigeuza zenyewe kuifuata. Na kuna saa yetu ya Kiswahili, ambayo wazee hawajaiacha wala hawatoiacha. Mjukuu aliyezaliwa Portsmouth akimwambia bibi yake, "Tukutane langoni saa nne," yeye anakusudia saa kumi ya alasiri, na bibi anaelewa saa nne ya asubuhi. Maadam mambo ni hayo, saa ya kurudi iandikwe kwenye karatasi kwa namna zote mbili, na kila mtu apewe yake.

Nije kwenye kiini cha maneno yangu. Katika safari ya mwaka jana vijana walipanga wenyewe, na kwa kupanga walipanga vizuri. Walikwenda kwa basi, wakaiona Alhambra, wakarudi na saa nzima mkononi. Lakini wazee watano waliambiwa usiku kuwa kesho watapumzika. Hawakuulizwa. Mimi nilibaki nao. Miongoni mwao alikuwapo mama mmoja, shangazi wa wengi wetu, aliyesomesha watoto Kurani kwa zaidi ya miaka arubaini, Unguja na kisha Uingereza. Alikaa juu ya sitaha na juzuu yake, akiitazama ngome ya Málaga iliyo juu ya mji. Jioni watoto wakaja na simu zao kumwonyesha picha za kuta zilizonakshiwa maandishi. Wakamuuliza, "Bibi, hapa pameandikwa nini?" Akavaa miwani akawasomea: Wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, maneno waliyoyafanya Banu Nasri kuwa alama yao na kuyarudia katika kuta zile mara zisizo na idadi. Akawaonyesha alif iko wapi, lam iko wapi, na kwa nini fundi aliivuta herufi ile juu namna ile. Watoto walikuwa wamesimama mbele ya ukuta ule ule mchana, na hapakuwa na mtu wa kuwasomea.

Hebu fikirini ni nani aliyekosa zaidi siku ile, yeye au wao.

Najua vijana watasema nini, kwa kuwa wameshaniambia. Wanasema likizo zao ni siku chache, fedha ni zao, na mtu mzima mwenye magoti mabovu ataumia Alhambra na kuwafanya wengine waione nusu. Maneno haya yana haki ndani yake. Mawe ya pale yanateleza, ngazi ni nyingi, na jua la Andalusia mwezi wa Julai halina huruma. Hata hivyo ipo njia iliyopangwa kwa wenye viti vya magurudumu, ingawa haifiki kila pahala. Na mzee akiulizwa, huenda akasema mwenyewe kuwa hataki, atabaki na tasbihi yake na chai yake. Hapo hakuna lawama. Ninachokitaka ni kuwa aulizwe, aelezwe umbali na ngazi, kisha aamue mwenyewe kama mtu mwenye akili zake.

Na wakiwa wengi walioamua kuwa Granada ni nzito kwao, Málaga si mji wa kudharauliwa. Alcazaba yake ilijengwa karne ya 11, na iko mwendo mfupi kutoka bandarini. Njia yake ni ya kupanda, lakini ipo lifti upande wa nyuma ya jengo la baraza la mji. Ulizeni kwanza kama inafanya kazi. Chini yake pana ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Warumi uliofunuliwa mwaka 1951. Juu yake kuna Gibralfaro, ngome iliyoimarishwa na Sultan Yusuf wa Kwanza, huyo huyo aliyejenga sehemu kubwa ya Alhambra katika karne ya 14. Wapenda picha wanalo jumba la Picasso, aliyezaliwa mji huo mwaka 1881. Siku nzima hujaa bila ya mtu kukimbia.

Tena tunalo la kuwasomesha watoto. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akawaona wazee wa wazee wetu, ndiye yule yule aliyefika Málaga kiasi cha mwaka 1350. Aliusifu mji kwa tini zake, lozi zake na vyombo vyake vya udongo vyenye rangi ya dhahabu vilivyopelekwa nchi za mbali. Kisha akaenda Granada kituo kwa kituo, kwa kupitia Vélez na Alhama. Meli huchukua siku kadhaa kutoka Southampton hadi kule. Siku hizo watoto wakae na wazee wao wasomeshwe habari hizi, ili wakishuka wawe wanajua wanachokitazama.

Wala sisemi kuwa Granada ni mji wetu. Tusiwafunze watoto kudai vya watu. Lakini ulipoangukia mikononi mwa wafalme wa Castilla na Aragón mwaka 1492, wengi katika watu wake walivuka bahari kwenda Maghrib, na waliofika Tetouan wakaujenga upya mji ule uliokuwa magofu. Walichukua lugha yao, mapishi yao na ufundi wao. Mzee aliyeondoka Unguja na sanduku moja ana la kuwaambia wajukuu juu ya habari hiyo ambalo kiongozi wa watalii hanalo. Akiachwa melini, maneno hayo nayo huachwa huko.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu kwa safari ya mwakani. Kwanza, atakayeulizwa mwanzo awe mzee, na tiketi zinunuliwe baada ya jawabu lake. Pili, wakikubali kwenda, tukodi basi dogo, twende Alhambra peke yake na kurudi. Tatu, wasipoweza, tubaki nao Málaga, na vijana wanaoitaka Granada kwa nafasi waende siku nyengine kwa ndege. Ndege za kutoka London kwenda Málaga ni nyingi na huchukua chini ya saa tatu, na usiku mbili za kulala Granada zitawapa yote ambayo siku moja ya meli haiwezi kuwapa.

Amana ya safari inatakiwa kulipwa kabla ya mwisho wa mwezi wa Januari. Kabla ya hapo, kila nyumba ikae na wazee wake iwaulize, kisha majawabu yapelekwe kwa wanaopanga.