Mchafukoge Yauza Uzi, Nani Atafundisha Kushona?

Mshonaji wa Songea akiishiwa lesi, mpambaji wa maharusi wa Morogoro akitafuta shanga, na kikundi cha akina mama wa Kigoma kikihitaji rangi za batiki, safari zao huishia mahali pamoja: mitaa ya Kariakoo na Mchafukoge, katikati ya Dar es Salaam. Mtaa wa Uhuru peke yake una maduka ya khanga na vitenge ya kumchosha mnunuzi kabla hajafika nusu yake. Kuna majora ya marekani, zipu kwa dazeni, nyuzi za kudarizi za kila rangi, nta, brashi, sindano za cherehani na za mkono. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, anaweza kumaliza darasa la saba bila kufundishwa kushona kifungo wala kuchora ua kwenye kitambaa. Kata hii ya Mchafukoge, inayoilisha nchi nzima malighafi ya kazi za mikono, haina mahali pa wazi ambapo watoto wake wanafundishwa kazi hizo. Pendekezo langu ni dogo: Halmashauri ya Jiji, jumuiya ya wafanyabiashara na wazazi waanzishe madarasa ya msimu ya sanaa na kazi za mikono, hapo hapo mjini, kwa mwezi mmoja wa likizo ya Juni. Sidai chuo wala jengo jipya. Ninataka chumba, mafundi wachache na ratiba.

Nasisitiza msimu kwa sababu historia ya sanaa katika eneo letu inaonyesha kwamba mengi yaliyodumu yalianza kwa darasa dogo lisilo na hadhi. Shule ya Sanaa ya Makerere ilianza katika miaka ya 1930 kwa mafunzo yasiyo rasmi ambayo Margaret Trowell aliyatoa nyumbani kwake Kampala. Katika shule hiyo alipita Sam Ntiro wa Machame, mchoraji ambaye Tanganyika huru ilimtuma London kuwa balozi wake. Hapa Dar es Salaam mfano uko karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi za kujengea, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Katika miaka isiyozidi minne aliwafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao Tunduru, waliokaa kando yake wakaanza kwa kupaka rangi ya chini kabla ya kuruhusiwa kumgusa chui au ndege. Hapakuwa na mtaala wala cheti, na mitindo ya vijana wale ndiyo iliyolifanya jina la Tingatinga kuwa jina la aina nzima ya uchoraji.

Upande wa pili wa historia hiyo ni Nyumba ya Sanaa. Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll aliianzisha mwaka 1972, na kwa miaka mingi vijana walijifunza humo kuchora, kuchapa picha na kutengeneza batiki. George Lilanga, ambaye baadaye kazi zake zilitundikwa katika maonyesho ya Ulaya na Marekani, aliingia pale akiwa mlinzi. Hiyo ndiyo faida ya mlango ulio wazi: hata anayelinda geti anaona kinachofanyika ndani, na siku moja anaingia. Lakini Nyumba ya Sanaa ilikuwa jengo, tena kwenye kiwanja cha thamani kubwa katikati ya jiji, na leo warsha zile hazipo tena. Sanaa iliyofungwa kwenye kiwanja kimoja hufa na kiwanja chake. Darasa la msimu halina kiwanja cha kugombewa. Likifukuzwa katika ukumbi mmoja, mwaka unaofuata linafungua kwenye shule ya jirani, kwa kuwa mali yake yote ni mafundi, meza na masanduku mawili ya vifaa.

Kwa nini Juni? Anayeijua Kariakoo anajua kwamba inaishi kwa misimu yake. Mfungo wa Ramadhani ni msimu wa nguo za Idi, Januari ni ya sare na madaftari, na Desemba ni mwezi ambao watoto wengi wa wafanyabiashara wanahitajika dukani kupanga mzigo na kulinda meza. Kumwambia baba mwenye duka ampeleke mwanawe darasani tarehe 20 Desemba ni kumtukana. Juni biashara imepoa kidogo, shule zimefungwa, na jambo lisilozingatiwa na wapangaji wa ofisini: masika yamekwisha. Mwezi Aprili, bonde la Jangwani likijaa maji na barabara kufungwa, batiki haikauki na mwalimu wa Magomeni hafiki. Juni kipupwe kimeingia, jua lipo na upepo upo. Kitambaa kinaanikwa asubuhi, mchana kinarudishwa kwenye nta kwa rangi ya pili. Hali ya hewa na kalenda ya shule zimetupangia ratiba, sisi tuifuate tu.

Mahali napo hapahitaji kutafutwa mbali. Pembeni mwa viwanja vya Mnazi Mmoja, pua na mdomo na maduka ya Mchafukoge, upo Ukumbi wa Arnautoglo, unaobeba jina la mfanyabiashara Mgiriki aliyetoa fedha za ujenzi wake. Wengi wanaukumbuka kwa siasa, kwa kuwa humo Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa rais wa chama cha Tanganyika African Association (TAA). Ila haukujengwa kwa ajili ya siasa. Ulikusudiwa kuwa kituo cha jamii, mahali pa watu wa mjini kukutana na kujifunza. Ukumbi huo ukitumiwa kwa semina na vikao tu, umepunguzwa hadhi yake kwa heshima. Zaidi ya hapo, shule za msingi za katikati ya jiji zina madarasa yanayokaa na kufuli mwezi mzima wa Juni, katika eneo ambalo kodi ya fremu moja ya duka humkosesha mtu usingizi. Kuwa na vyumba vitupu mahali kama hapo ni anasa ambayo halmashauri haijaizungumzia.

Sasa tuje kwa mzazi, ambaye ndiye mwenye pingamizi zito. Atasema: mwanangu ana mtihani, likizo ni ya tuisheni ya Hisabati na Kiingereza, huko kuchorachora kutamsaidia nini? Jibu la kawaida ni kwamba atapata kipato kwa kuuza mikufu ya shanga. Silikubali jibu hilo, na nadhani limewadanganya wengi. Watoto kumi wakijifunza kutunga shanga, tisa hawatauza hata mkufu mmoja. Wote kumi, hata hivyo, watapata jicho. Hicho ndicho kitu ambacho Mchafukoge inakihitaji kwa sababu za kibiashara kabisa. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na ubora wake hutegemea jinsi vitatu hivyo vinavyoelewana. Khanga na vitenge vingi tunavyouza vinachapishwa India na China, lakini anayeagiza, anayechagua rangi na kusema maua yawe makubwa au madogo, yupo hapa. Akichagua vibaya, kontena zima linakaa stoo. Mrithi wa duka aliyewahi kuchora pindo kwa mkono wake, akafuta na kurudia, atajua kwa nini sampuli moja imetulia na nyingine inapiga kelele. Tuisheni ya Hisabati itamfundisha kupiga hesabu ya hasara baada ya mzigo kufika.

Pingamizi jingine husemwa kwa sauti ya chini, na linastahili kujibiwa kwa adabu. Katika mitaa yenye misikiti mingi kama hii, wapo wazazi wasiopenda watoto wao wachore viumbe wenye roho. Waheshimiwe, na darasa halitapungukiwa kitu. Pwani yetu ina utajiri mkubwa wa sanaa isiyohitaji sura ya mtu wala mnyama: nakshi za milango, khati, vito vya kofia zilizoshonwa kwa mkono, hina ya maharusi, mikeka ya ukili. Jirani Mhindu anajua kupamba kizingiti kwa unga wa rangi, na jirani Mbohora ana ustadi wake wa kudarizi. Kata hii ina hazina hiyo yote ndani ya hatua chache. Mtoto anayetumia wiki nzima kupanga vito vya kofia, akihesabu matundu ili upande wa kushoto uoane na wa kulia, anafanya jiometri ambayo shuleni angeikimbia. Ratiba nayo ipangwe asubuhi, ili alasiri ibaki ya madrasa.

Mafundi wenyewe watauliza: mwezi mmoja unatosha nini? Fundi cherehani wa barazani alikaa miaka kabla ya kuaminiwa kukata kitambaa cha mteja, na ana haki ya kuogopa kwamba tutazalisha mafundi wa kubabaisha wenye vyeti vinavyong'aa. Nakubaliana naye kwa nusu ya hoja. Ndiyo maana madarasa haya yasitoe cheti cha ufundi. Yatoe kazi moja iliyokamilika: mfuko ulioshonwa, kitambaa kilichochorwa, ukurasa wa khati. Serikali imeshatenga mkondo wa amali katika sekondari, na vyuo vya ufundi vya VETA vipo kwa anayetaka kuendelea. Lakini kijana wa miaka kumi na minne anachaguaje ufundi ambao hajawahi kuugusa? Mwezi wa Juni hautamfanya fundi. Utamwonyesha kama mikono yake inaupenda ufundi huo. Na hata akigundua kwamba haupendi, ameokoa ada ya miaka miwili.

Kuna jambo la usalama ambalo wapenzi wa sanaa hulipita haraka mno. Batiki inapendeza kwenye picha za warsha, ila ina nta ya moto na kostiki inayochoma ngozi. Hilo si darasa la mtoto wa miaka minane. Wadogo wapewe karatasi, rangi za maji, shanga na ukili. Batiki iwe ya waliofika sekondari, nje kwenye hewa, wakiwa na glavu, na fundi mmoja asisimamie kundi kubwa. Watachafuka, bila shaka. Katika kata ambayo jina lake linasomeka kama amri ya kumwambia mchafu akaoge, hilo lisimsumbue mtu.

Fedha je? Chumba ni cha umma, na mabaki ya vitambaa yanayotupwa kila jioni nyuma ya maduka yanatosha kufundishia madarasa kadhaa. Gharama ya kweli ni posho ya mafundi, na hapo nakataa kabisa tabia ya kuwaomba wasanii wajitolee. Fundi anayefunga kiti chake barazani kwa asubuhi moja amepoteza mkate wa siku hiyo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Wanaokopa kwa ajili ya kutengeneza bidhaa huja kununua malighafi Kariakoo hii hii, kisha bidhaa zao hufanana kama pacha, wakashindana kwa kushusha bei. Mkopo umetoa mtaji, lakini mkopaji hakupata mahali pa kufundishwa kutofautisha kazi yake na ya jirani. Sipendekezi fedha za mikopo zihamishwe, kwani zina kazi yake kisheria. Nasema halmashauri inayoweza kukopesha vikundi inaweza pia kulipa posho ya mafundi sita kwa wiki nne, na wanavikundi wakakaribishwa katika madarasa ya jioni baada ya watoto kuondoka. Wazazi wenye uwezo walipe ada ndogo. Wenye maduka wachangie nyuzi na vitambaa, na majina yao yaandikwe ukutani kama wanavyopenda.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba vituo vipo: Nafasi Art Space ilifunguliwa Mikocheni mwaka 2008, na Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu 1981, leo TaSUBa. Vinafanya kazi ya maana. Lakini Bagamoyo ni safari, na Mikocheni kwa mtoto wa Mtaa wa Libya ni nauli, foleni na mtu mzima wa kumsindikiza. Vituo hivyo humpata aliyekwisha kujijua kuwa msanii, au ambaye wazazi wake wana gari. Huyu wa kwetu, anayecheza kwenye ngazi za ghorofa kwa sababu chini kuna mikokoteni na bodaboda, hajui bado kama ana kipaji. Darasa linapaswa kuwa karibu kiasi cha kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya adhuhuri.

Naiomba Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ijaribu Juni moja tu, kwa vyumba vitatu na mafundi sita. Ijumaa ya mwisho kazi za watoto zitandazwe viwanja vya Mnazi Mmoja, na wenye maduka wa Mtaa wa Uhuru waalikwe wazikague kama wanavyokagua sampuli za viwandani, bila kuoneana haya.